Tochi ndogo inayowaka na kuzimika: namna ya kuitengeneza nyumbani

Tochi ndogo ya alumini, ile ya mfukoni yenye LED 9 (vitaa vidogo) mbele na kitufe cha mpira nyuma, ina ugonjwa unaojulikana na kila aliyewahi kuwa nayo. Inawaka, inafifia, ukiigonga kwenye kiganja inawaka tena, ukipiga hatua mbili imezimika. Wengi husema betri zimekwisha, wananunua mpya, na tochi inaendelea vilevile mpaka inatupwa. Mara nyingi tochi hiyo ni nzima. Kama kuigonga kunaiwasha, basi betri zina umeme na LED hazijaungua. Kilicholegea ni mguso fulani njiani, na mguso unatengenezeka kwa msasa, spiriti na nusu saa ya utulivu.

Maelezo haya yanahusu tochi inayotumia betri tatu za AAA, yaani betri za rimoti, ndani ya kikasha cha plastiki cha mviringo. Tochi ya betri moja au mbili za AA hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, ila kikasha haina.

Njia ya umeme

Ukiijua njia ya umeme ndani ya tochi, nusu ya kazi imekwisha. Umeme unatoka ncha chanya ya kikasha, iliyoelekea mbele, unaingia kwenye springi au kidoti cha shaba kilicho katikati ya bamba la LED. Unapita kwenye LED, unatokea ukingoni mwa bamba, unaingia kwenye kichwa cha tochi, kisha unavuka hesi (zile nyuzi za kukazia) kwenda kwenye bomba. Unashuka na bomba mpaka mkiani, unavuka hesi nyingine kuingia kwenye kifuniko cha nyuma, unapita kwenye swichi, unamalizia kwenye springi ya mkiani na kurudi ncha hasi ya kikasha. Kwa hiyo bomba la alumini lenyewe ni waya. Ukiongeza na miguso ya betri tatu ndani ya kikasha, kila betri ina ncha mbili, unapata zaidi ya sehemu kumi ambazo chuma kinagusa chuma bila kulehemiwa. Mojawapo ikichafuka, tochi inapepesa.

Uchafu kidogo unaleta shida kubwa kwa sababu umeme wa akiba ni mdogo. Betri tatu za volti 1.5 zinatoa volti 4.5. LED nyeupe inahitaji volti 3 hadi 3.4 ili iwake vizuri, kwa hiyo kinachobaki ni volti moja na kitu. Mguso wenye kutu unaozuia kwa omu 5 tu, tochi ikiwa inavuta miliampia 150, unameza volti 0.75. Mwanga unashuka mara moja, na betri ni mpya.

Jambo lingine ambalo watu hawaliangalii: rangi nyeusi, bluu au nyekundu ya tochi hizi haipitishi umeme. Mafundi wa kiwandani huacha ukingo wa bomba na mara nyingine hesi zake zikiwa tupu, alumini ikionekana nyeupe. Hapo ndipo umeme unapopita. Alumini iliyo wazi nayo hujifunika utando mwembamba usiopitisha umeme, na mchanganyiko wa jasho, vumbi na grisi ya zamani unazidisha. Sehemu hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza kuliko zote.

Vifaa

Tafuta msasa laini, namba 400 au 600. Spiriti ya kusafishia. Pamba za masikioni. Mswaki wa zamani uliokauka. Koleo lenye ncha nyembamba. Na kipande cha waya wa shaba cha sentimita 10, kilichomenywa ncha zote mbili. Mita ya umeme, maltimita ya bei ndogo, inaharakisha kazi lakini si lazima. Pasi ya kulehemu ya wati 25 hadi 40 na risasi yake utaihitaji tu kama tatizo liko kwenye bamba la LED au kwenye kikasha. Usianze kwa kuiwasha pasi.

Pima kwanza, usifungue kila kitu

Anza na betri. Kwa mita, betri mpya ya AAA husoma volti 1.5 hadi 1.6. Ikisoma chini ya 1.2 imechoka, ikifika 1.0 ni ya kutupa. Ila kipimo cha betri iliyolala kinaweza kudanganya: betri iliyochoka huonyesha 1.4 ikiwa haina kazi, ikianza kuvutwa inaanguka. Pima kikasha kizima kikiwa ndani ya tochi inayowaka, mita ikigusa ncha hasi na ncha chanya ya mbele ya kikasha kama zinafikika. La, pima kila betri mara tu baada ya tochi kuwaka dakika mbili. Kama huna mita, azima betri zinazofanya kazi kwenye rimoti iliyo nzima. Kumbuka hata hivyo kwamba rimoti inavuta umeme kidogo sana, hivyo betri inayotosha rimoti huenda isitoshe tochi.

Hakikisha pia betri zimekaa sawa. Moja ikigeuzwa, volti yake inapunguza za wenzake badala ya kuongeza. Tochi haiwaki. Kikasha chenyewe nacho kina mbele na nyuma. Upande wenye kidoti katikati, ambao kwa kawaida umeandikwa alama ya kujumlisha, unaelekea kwenye LED.

Sasa kipimo chenyewe, na hiki kinaokoa muda kuliko vyote. Ondoa kifuniko cha nyuma, acha kikasha ndani. Kwangua kidogo ukingo wa bomba kwa ncha ya kisu hadi alumini ing'ae. Gusisha ncha moja ya waya wa shaba kwenye ncha hasi ya kikasha, na ncha nyingine kwenye ukingo uliokwangua. Kwa kufanya hivyo umeiruka swichi, springi na kifuniko chote. Kama waya huna, foili iliyokunjwa mara tatu nne inatosha.

Tochi ikiwaka imara, tikisa huku umeushikilia waya. Isipopepesa, tatizo liko mkiani na kichwa usikiguse. Ikipepesa au isipowaka kabisa, kosa liko upande wa mbele, si mkiani peke yake. Bonyeza kikasha kwa kidole kuelekea mbele: mwanga ukibadilika, kikasha au springi ya mbele ndiyo yenye shida. Zungusha kichwa robo mzunguko huku na huku: mwanga ukibadilika, ni hesi za kichwa au ukingo wa bamba. Yote hayo hayachukui dakika tano, na sasa unajua upande gani wa kufungua.

Mkia: swichi, springi na hesi

Hesi kwanza. Futa grisi yote ya zamani kwa pamba yenye spiriti, upande wa bomba na upande wa kifuniko, mpaka pamba itoke safi. Piga msasa kwenye ukingo wa bomba ukiuzungusha juu ya karatasi iliyolazwa mezani, ili ukingo ubaki bapa. Ndani ya kifuniko kuna pete ya chuma ambayo ukingo huo unaigusa. Ipige msasa pia, kisha pangusa vumbi. Vumbi la alumini likiingia ndani ya swichi utakuwa umeongeza tatizo.

Angalia pete hiyo kwa makini. Kwenye tochi nyingi ina vitundu viwili na imekazwa kwa hesi, nayo ndiyo inayoishikilia swichi. Ikilegea, swichi inacheza na mguso unapotea kila ukibonyeza. Ingiza ncha mbili za koleo kwenye vitundu na uikaze kufuata mwelekeo wa saa. Tochi nyingi sana hupona hapo, bila kununua chochote.

Isipopona, fungua pete, toa swichi. Ukikuta hakuna pete, swichi imeingizwa kwa kubanwa. Isukume kutoka upande wa kitufe cha mpira kwa kijiti butu. Utaona kidude cha plastiki chenye springi upande mmoja na kijibamba cha shaba ubavuni. Gusisha mita, ukiiweka kwenye omu, kati ya springi na kijibamba, kisha bonyeza. Swichi nzima husoma karibu na sifuri. Ikisoma omu 2, 5, au namba zikicheza, ndani kumechafuka. Dondosha matone mawili ya spiriti pembeni mwa kitufe, bonyeza mara 30 hivi, acha ikauke robo saa, pima tena. Namba zikishuka na kutulia, irudishe. Zisipotulia, badilisha swichi. Duka la vifaa vya umeme linaweza kuwa nayo, lakini njia rahisi ni kuitoa kwenye tochi mbovu ya aina hiyohiyo: pima kipenyo na urefu kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita moja.

Usitie mafuta ya kupikia wala mafuta ya mgando ndani ya swichi. Hayapitishi umeme, na yanakusanya vumbi ambalo baada ya wiki chache linakuwa tope.

Springi ya mkiani hulegea kwa kubanwa miaka. Ivute iongezeke milimita 2 au 3, si zaidi, maana ikizidi kifuniko hakikazi vizuri. Yenye kutu ipige msasa kwenye ncha inayogusa kikasha. Springi za chuma cha kawaida nazo huzuia umeme kiasi. Mwenye pasi anaweza kupitisha waya laini wa nyuzi nyingi katikati ya springi, akalehemu juu na chini, akiuacha umelegea ili springi iendelee kubonyea. Mwanga huongezeka kidogo, na tochi haitegemei tena chuma chenye kutu kupitisha umeme.

Kikasha cha betri

Hiki ndicho kinachodharauliwa. Ni plastiki yenye vijibamba vinavyounganisha betri moja hadi nyingine, na vijibamba hivyo vimebanwa kwa ribiti ndogo. Plastiki ikipata joto au ikianguka, ribiti inalegea. Betri zinaonekana zimekaa imara kabisa, kumbe kijibamba kinaelea.

Toa betri zote na utikise kila kijibamba kwa ncha ya bisibisi. Kinachocheza kidole kikikigusa ndicho chenye kosa. Kibane ribiti kwa koleo. Isiposhika, lehemu kipande kifupi cha waya kutoka kijibamba hadi kidoti cha nje, lakini fanya upesi: gusa pasi kwa sekunde 2 au 3, kwa sababu plastiki inayeyuka haraka. Springi ndogo za kikasha zivute kidogo kama ile ya mkiani. Kikasha kilichopasuka usikigandishe kwa gundi. Kinauzwa peke yake, kwa kipenyo chake. Pima cha kwako uhakikishe.

Betri zilizovuja

Ukifungua ukakuta ukoko mweupe, betri za alkali zimevuja. Ukoko huo unaunguza ngozi na ni hatari machoni, hivyo vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, na usipulize kwa mdomo. Usugue ukiwa mkavu kwa mswaki juu ya gazeti, kisha pitisha pamba yenye siki au maji ya limao kwenye chuma kilichobaki na ukoko. Itachemka kidogo, ikitulia, futa kwa maji kidogo, halafu spiriti, na uache ikauke kabisa. Betri za bei nafuu zisizo za alkali huvuja majimaji yenye tindikali, na hapo siki haisaidii; tumia maji yaliyochanganywa na magadi soda. Ukiona kijani au bluu kwenye shaba, hiyo ni kutu ya shaba yenyewe. Iondoe kwa msasa.

Kikasha kilichonasa ndani ya bomba baada ya betri kuvimba kisigongwe kwa nyundo. Mimina siki kidogo, subiri nusu saa, sukuma kutoka mbele baada ya kuondoa kichwa.

Kuna mazoea ya kuanika betri juani zikichoka. Joto linaharakisha kinachoendelea ndani ya betri na kweli unapata mwanga wa muda mfupi, lakini ganda la zinki la betri iliyochoka limekwisha kuliwa na kuwa jembamba. Betri iliyoanikwa ndiyo itakayovuja ndani ya tochi. Kwa redio ya zamani mtu anaweza kuvumilia. Kwa tochi ambayo bomba lake ndilo waya, uharibifu unagusa kila kitu.

Usichanganye betri mpya na kuukuu. Ile dhaifu huisha mapema na wenzake wanaendelea kuisukumia umeme kinyume.

Kichwa na LED

Kama majaribio yamekuonyesha kichwa, safisha hesi zake kama ulivyofanya mkiani, kaza, jaribu tena. Isipokubali, bamba la LED hutolewa kwa kufungua pete ya mbele au kwa kulisukuma taratibu. Usisukume kwa kubonyeza springi ya katikati, itang'oka.

Geuza bamba, angalia sehemu zilizolehemiwa kwenye mwanga mkali. Risasi iliyopasuka ina kiduara chembamba kuzunguka mguu wa LED au springi. Igusishe pasi sekunde 2 pamoja na risasi mpya kidogo na itaunga. Kwenye tochi zilizoanguka mara nyingi, mguu wa springi ya katikati ndio huachia kwanza.

LED moja moja hupimwa kwa betri ya saa aina ya CR2032, yenye volti 3. Gusisha upande wa kujumlisha kwenye mguu chanya na upande mwingine kwenye hasi. Kwa kuwa LED zote zimeungwa sambamba, yaani kila moja ina njia yake ya umeme, zitawaka zote kwa unyonge. Itakayobaki giza imekufa au mguu wake umeachia. LED mpya ya milimita 5 ina mguu mrefu, huo ndio chanya. Zilizokatwa miguu, angalia ukingo wa chini: upande uliobapa ni hasi. Ukiiweka kinyume haitawaka, lakini nyingine zitaendelea.

Tatizo la ukingo wa bamba kutogusa kichwa litengeneze kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, uliolehemiwa kwenye mstari wa hasi na kuzungushwa ukingoni, ili bamba likirudi mahali pake libane waya dhidi ya alumini. Usijaribu kulehemu waya kwenye kichwa chenyewe, risasi ya kawaida haishiki kwenye alumini.

Kama LED zako huungua moja baada ya nyingine, sababu inajulikana. Tochi nyingi za aina hii hazina rezista, yaani kipande cha kuzuia umeme usizidi. Zinategemea udhaifu wa betri za bei nafuu kupunguza umeme. Ukiziwekea alkali mpya, LED zinapata zaidi ya kile zinachostahimili, ambacho kwa LED ya milimita 5 ni miliampia 20 hivi. LED 9 ni miliampia 180. Rezista ya omu 6.8, ya nusu wati, ikilehemiwa kati ya springi ya katikati na bamba, inazirudisha kwenye kiwango. Mwanga unapungua kidogo usiku wa kwanza, lakini LED hazichemki. Funika miguu ya rezista kwa mpira wa waya ili isipige shoti kwenye kichwa. Njia nyingine isiyotaka pasi ni kutumia betri za kuchaji za AAA: zina volti 1.2 kila moja, jumla 3.6, na mwanga wake ni wa wastani lakini unakaa sawa kwa muda mrefu.

Tochi za kuchaji

Tochi inayochomekwa ukutani moja kwa moja isifunguliwe ikiwa kwenye umeme, wala isipimwe kwa kuguswa ndani ikichaji. Nyingi hazina transfoma. Zinapunguza umeme kwa kapasita tu, kwa hiyo kila kipande cha ndani kinaweza kukupiga kana kwamba umeshika soketi. Kapasita hiyo hubaki na umeme kwa muda hata baada ya kuchomoa. Betri yake ya volti 4 ikifa, usiendelee kuichomeka huku ukiiwasha. Bila betri ya kushikilia volti, LED huungua papo hapo.

Tochi zenye betri moja nene ya lithiamu, ile ya 18650, nazo zinataka uangalifu. Betri hiyo ikijaa ina volti 4.2 na ikipigwa shoti waya unakuwa mwekundu mkononi. Kipimo cha waya mkiani kinafaa, ila waya usiguse kamwe ncha chanya na bomba kwa pamoja.

Kurudishia

Rudisha kichwa, kikasha, kisha kifuniko, ukikaza kwa vidole tu. Paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwenye mpira wa kuzuia maji, isifike kwenye ukingo wa bomba. Washa, tikisa, gonga kwenye kiganja, pindisha kichwa na mkia huku na huku, halafu iache iwake dakika 10. Ikipita, ilaze ikiwa na betri. Ila ukijua haitatumika kwa mwezi au zaidi, zitoe. Ikipepesa tena, rudia kipimo cha waya kabla ya kufungua chochote, kwa sababu kosa la pili mara nyingi lilikuwepo tangu mwanzo, likifichwa na lile la kwanza.